UZI: Roger Miller, mchekeshaji wa muziki wa country aliyemwandikia Jim Reeves nyimbo, na wengi wetu hatumjui

MzeeWaKaseti

Wakuu, heshima mbele.

Wiki iliyopita nilikuwa nasafisha kabati la marehemu baba nikakuta kaseti zake za Jim Reeves, mwimbaji wa country wa Marekani, zile ambazo ukizicheza leo sauti inayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Waliokulia miaka ya sabini na themanini hawahitaji maelezo. Jumapili mchana, redio juu ya kabati la vyombo, Jim anabembeleza, na ole wako mtoto upige kelele.

Kwenye kaseti moja kuna wimbo unaitwa Billy Bayou. Tangu utotoni ulinishangaza, kwa sababu Jim ni mtu wa kusali na kulia polepole, na huu unarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba asubuhi. Maneno yanagongana, kijana wa wimbo ni mtukutu, na Jim mwenyewe anasikika kama anajizuia kucheka. Nilijiuliza miaka yote: nani alimpa mzee wa watu kituko hiki?

Aliyempa anaitwa Roger Miller. Jim alikitoa mwishoni mwa 1958, na mwanzoni mwa 1959 kikawa namba moja kwenye chati ya country Marekani. Mwandishi alikuwa na miaka 22 tu, na muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa anabeba masanduku ya wageni hotelini.

Nimemfuatilia huyu bwana kwa muda, nimeona nisile peke yangu. Nitaweka vipande vipande, nimekaa dukani.

Alizaliwa Fort Worth, Texas, tarehe 2 Januari 1936, wa mwisho kati ya wavulana watatu. Baba alifariki Roger akiwa na mwaka mmoja. Ilikuwa kipindi cha mdororo mkuu wa uchumi, na huko Oklahoma na Texas vumbi lilikuwa limekula mashamba. Mama, binti mdogo na watoto watatu mikononi, hakuweza. Wakaja baba zao wadogo na wakubwa watatu, kila mmoja akachukua mtoto mmoja akaenda naye. Roger akaangukia kwa mzee Elmer na mkewe Armelia, nje kidogo ya mji wa Erick, Oklahoma, magharibi kabisa karibu na mpaka wa Texas. Kazi ni kuchuma pamba. Shule ni ya kijijini, watoto thelathini na kitu jumla. Alisoma mpaka darasa la nane.

Baadaye akiwa maarufu alipenda kusema kwamba Erick ni mji mdogo kiasi kwamba kibao cha "karibu" na cha "kwaheri" vimegongwa mgongo kwa mgongo kwenye nguzo moja. Watu wanaangua kicheko. Ila mimi ukinipa hadithi ya ndugu watatu kugawanywa kama kuku wa urithi, halafu mmoja wao akakua anachekesha ukumbi mzima, sitacheka bila kujiuliza.

Naendelea.

Kisu Butu

Nimevuta kigoda. Tiririka mkuu.

Bint Ngamiani

Kumbe Billy Bayou si wa Jim! Babu yangu Tanga angekubishia mpaka mate yakauke.

MzeeWaKaseti

Bint, mwambie babu Jim hakuandika nyingi kati ya nyimbo tunazompenda nazo. Yeye alikuwa sauti. Na Home, uliofika namba mbili 1959, nao ni wa Roger huyuhuyu.

Tuendelee. Pale Erick kulikuwa na jamaa anaitwa Sheb Wooley, amemzidi Roger miaka kama kumi na tano, ameoa binti wa ukoo wa akina Miller. Kwa kwetu tungesema shemeji. Huyu shemeji ndiye aliyemfundisha Roger kushika gita na kumnunulia fidla ya kwanza. Sheb baadaye akaenda Hollywood, akawa mwigizaji wa filamu za makauboi, na mwaka 1958 naye akatoa wimbo wa kuchekesha uliokamata Marekani nzima, kuhusu dude la zambarau linalokula watu. Kijiji kimoja cha pamba kikatoa vichekesho viwili. Nadhani kule mchana ulikuwa mrefu sana.

Alipofika miaka 17, Roger aliiba gita. Siyo kwamba alishawishiwa na wenzake; alilitaka, hana hela, akalichukua Texas akavuka nalo mpaka Oklahoma. Kesho yake dhamiri ikamkaba, akajisalimisha mwenyewe. Akapewa njia mbili, jela au jeshi. Akachagua jeshi, akapelekwa Korea.

Kuna utani wake mmoja wa hapo ambao nimejaribu kuuleta kwenye Kiswahili nimeshindwa. Alipoulizwa amesoma wapi alijibu kwamba yeye ni wa Korea, mwaka wa 52. Sasa kwa Kiingereza neno la "darasa la mwaka fulani" (class) na neno la "mapigano" (clash) yanatofautiana sauti moja tu ya mwisho. Akatamka la mapigano kwa mdomo wa mtu anayetaja chuo. Sekunde mbili, amekwambia hakusoma, amekwambia alienda vitani, na wewe umeshacheka kabla hujamwonea huruma.

Shikeni hicho kitu, nitakirudia.

Baada ya Korea akarudishwa Marekani, akawekwa kwenye bendi ya jeshi huko Atlanta akipiga fidla. Akiruhusiwa kutoka jeshini mwaka 1957, moja kwa moja Nashville, makao makuu ya muziki wa country. Akaingia ofisi za kampuni ya rekodi ya RCA kumwona Chet Atkins, fundi mkubwa wa gita na mtayarishaji ambaye kila mtu alimtaka. Chet akamuuliza, gita lako liko wapi? Hana. Chet akampa la kwake. Jamaa kwa kiwewe akapiga gita kwa ufunguo mmoja na kuimba kwa mwingine kabisa. Chet akamwambia kwa upole arudi akishaiva.

Ndipo akaenda kuomba kazi hoteli ya Andrew Jackson, kubeba mizigo. Amevaa sare na kofia ndogo, anapandisha wageni kwa lifti na kuwaimbia nyimbo zake humohumo kwenye lifti. Hotelini walikuwa wanafikia wanamuziki, na hoteli yenyewe iko katikati ya mji, karibu na kila kitu. Mjanja.

Dereva I40

Salamu kutoka Oklahoma wakuu, nimesimama stendi ya malori napata kahawa nimeona uzi, nikacheka peke yangu kama chizi.

Mimi ni wa Moshi, nina mwaka wa sita naendesha lori huku. Hiyo Erick naipita karibu kila wiki. Ukiwa barabara kuu ya I-40 unatoka Oklahoma City unaelekea Amarillo, baada ya Sayre unaikuta kulia kwako... hapana, kushoto, kabla hujaingia Texas. Wakazi kama elfu moja. Barabara kuu ya mjini ni ile Route 66 ya zamani, na pale Erick imepewa jina la Roger Miller. Inakatana na mtaa wa Sheb Wooley. Yaani shemeji na shemeji wamekutana njia panda mpaka kiama.

Kulikuwa na makumbusho yake pale kwenye kona, yalifunguliwa 2004. Mimi nilipoingia mjini mara ya kwanza nikakuta yameshafungwa. Upepo tu na mbwa mmoja. Lakini jua linavyozama pale kwenye mashamba, mkuu, unaelewa kwa nini mtu anaweza kuanza kuongea peke yake.

Kisu Butu

Dereva asante kwa ushahidi wa macho. Humu ndani watu wanaandika habari za Paris wako Mbagala.

MzeeWaKaseti

Dereva, umenipa zawadi. Na kwa kuwa umetaja Amarillo, huko nako Roger aliwahi kuajiriwa. Alikuwa zimamoto.

Ndiyo, zimamoto. Alioa mapema, mtoto akaja, Nashville hailipi, akahamia Amarillo. Alivyosimulia mwenyewe, kwa muda wote aliokaa kulikuwa na mioto miwili tu. Wa kwanza uliwaka banda la kuku. Wa pili yeye alikuwa amelala, hakusikia kengele. Wakamshauri atafute kazi nyingine.

Kisu Butu

Hiyo ni chai mkuu. Tena ya rangi, haina hata tangawizi.

MzeeWaKaseti

Inawezekana kaongeza sukari. Lakini kazi aliifanya kweli, na aliiacha ili apande jukwaani na mwimbaji Ray Price. Mwaka 1958 aliingia kwenye bendi ya Ray, Cherokee Cowboys, na Ray akarekodi wimbo wake Invitation to the Blues. Hapo mlango ukafunguka. Ernest Tubb akachukua wimbo, Faron Young akachukua, Jim Reeves akachukua. Kampuni ya Tree, ya kuchapisha nyimbo, ikamsaini kama mtunzi, chini ya Buddy Killen.

Huyu Killen alikuwa na kazi ya kuchunga upepo. Roger alikuwa anaropoka mistari mizuri mezani, kwenye gari, popote, na watunzi wengine wanakaa jirani na kalamu. Mwenyewe hana habari. Aliweza kutupa kwa jioni moja mistari ambayo mwenzake angejengea nyumba. Nashville yote walimjua kama mtu mcheshi kuliko wote mjini, na kwa miaka kadhaa sifa hiyo haikumpa hata kodi ya nyumba. Alirekodi RCA kuanzia 1960, When Two Worlds Collide aliouandika na Bill Anderson ukaingia kumi bora za country mwaka 1961, kisha kimya. Ndoa ya kwanza ikavunjika. Akapiga ngoma kwenye bendi ya Faron Young, na ngoma zenyewe alijifunzia kazini.

Mzee wa Nakuru

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Mimi ni msomaji wa kimya hapa, leo mmenitoa shimoni.

Hapa Kenya country si muziki wa wageni. Kwetu Nakuru, harusi bila Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams na Dolly Parton haijakamilika, na matanga vilevile. Tuna wetu pia, Sir Elvis Otieno anajaza watu wamevaa kofia pana na buti utadhani ni Texas. Lakini nakubali, Roger Miller hapigwi sana. Mimi namjua kwa wimbo mmoja tu, ule wa mzururaji, King of the Road. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akiuimba akisahihisha madaftari. Tulijua akiwa anauimba leo hakuna kiboko.

Swali langu: kama alikuwa mcheshi hivyo, kwa nini Jim ndiye tuliyempenda na siyo yeye?

MzeeWaKaseti

Mzee karibu sana, na swali lako ndilo uzi wenyewe.

Jibu langu: kwa sababu Jim anatafsirika bila kutafsiriwa. Husikii Kiingereza vizuri, haijalishi, sauti inakwambia huyu mtu amefiwa au ameachwa. Roger anaishi ndani ya maneno. Nitakupa mfano mmoja. Mwaka 1966 Eddy Arnold alitamba na wimbo wa Roger unaoitwa The Last Word in Lonesome Is Me. Kwa haraka unaelewa: hakuna mpweke kunizidi. Lakini liandike neno hilo la upweke, lonesome, uangalie herufi mbili za mwisho. Ni "me". Yaani mimi. Neno lenyewe la upweke linaishia na mimi. Mtu amelitazama neno ambalo Wamarekani wote wanalitumia kila siku, akawaonyesha kwamba yeye amejificha mkiani mwake. Kwa Kiswahili haiendi. Mlio Pwani mtaelewa, ni kama fumbo la kanga: ukishalieleza kwa Mzungu limeshakufa.

Sasa 1964. Roger amechoka Nashville, anataka kwenda Hollywood kujifunza uigizaji. Hana nauli. Kampuni ya rekodi ya Smash ikamwita, akapiga hesabu anahitaji dola 1,600. Wakakubaliana: nyimbo 16, kila moja dola 100. Mtu anafunga mizigo, anafagia chumba. Kwa hiyo akaingia studio bila kujali, akarekodi vituko vyake alivyokuwa anawachekesha navyo marafiki. Hakuna aliyekuwa anamwambia punguza utoto.

Kimoja kikawa Dang Me. Inasemekana alikiandika kwa dakika nne kwenye chumba cha hoteli Phoenix. Mume yuko baa, nyumbani mke ana kichanga cha mwezi mmoja, na bwana amekunywa hela ya chakula na nusu ya kodi. Halafu badala ya kujitetea anaomba wamnyonge. Katikati anaacha maneno, anaanza kutoa milio ya mdomo isiyo na maana, gita likimfuata nyayo kwa nyayo. Namba moja country, namba saba kwenye chati kuu ya Marekani. Kikafuata Chug-a-Lug, habari za kijana wa shule anaonja gongo mara ya kwanza na anavyojuta koo likiwaka.

Hollywood akaenda, lakini safari hii kama nyota.

Bint Ngamiani

Subiri kwanza. Huyo wa hela ya chakula na kodi, na wewe umesema ndoa ya kwanza ilivunjika. Alikuwa anachekesha au anaungama?

MzeeWaKaseti

Bint hajawahi kupitwa. Nadhani ni vyote viwili, na nadhani alijua. Huoni hajajipa udhuru hata mmoja kwenye wimbo mzima?

Bint Ngamiani

Kujishitaki kwa kuchekesha ni ujanja wa wanaume wote wa kwetu. Ukishacheka, umeshasamehe. Hela ya chakula hairudi.

Kisu Butu

😂😂 Uzi umegeuka baraza la usuluhishi.

MzeeWaKaseti

Basi utafurahi kusikia wanawake walijibu. Wimbo wa mzururaji uliotajwa na Mzee wa Nakuru ulitoka Januari 1965. Jamaa hana hela, analala vyumba vya bei ya chini anavyolipia kwa kufagia, anadandia treni, anawajua madereva wote wa treni kwa majina, na anajiona mfalme. Roger mwenyewe alisimulia kwamba aliona kibao cha matrela ya kuuza na kupangisha akiwa barabarani karibu na Chicago, mstari wa kwanza ukazaliwa, halafu ukakwama wiki nyingi. Siku moja yuko duka la uwanja wa ndege Boise, Idaho, akaona kisanamu cha mzururaji. Akakinunua, akakiweka mbele yake, akakikodolea macho mpaka wimbo ukaisha. Namba moja country, namba nne chati kuu, na Uingereza ukashika namba moja, wakati Beatles wako kileleni mwa umaarufu.

Mwaka huohuo mwanadada Jody Miller, hawana undugu wowote, akatoa jibu kwa mdundo uleule. Mfalme wa barabara? Haya, mimi ni malkia wa nyumba: watoto na sakafu za kusugua. Akapata Grammy. Watu wa taarabu mnaona wenyewe, hicho ni kijembe kilichokamilika, na kimepigwa kwa wimbo wa adui.

Bint Ngamiani

Huyo Jody ndiye wangu. Nimemtafuta sasa hivi nimemsikiliza mara tatu.

Dereva I40

Mimi huo wimbo wa mzururaji nilidhani ni wa madereva wa malori. Huku wanaupiga sana. Lakini ukiishi barabarani kweli unajua kwamba ufalme wenyewe ni kuoga stendi na kumpigia mtoto simu akiwa anaenda kulala. Nilipogundua kwamba aliyeuandika aligawiwa kwa ndugu akiwa mtoto, sikuusikia tena vilevile. Mtu asiye na kwao anasema dunia yote ni kwake.

MzeeWaKaseti

Dereva, hapo umenimaliza. Nilikuwa najiandaa kusema hivyohivyo kwa maneno mengi zaidi.

Turudi kwenye sifa kidogo. Kwa mwaka 1964 alipata Grammy tano. Kwa 1965 akapata sita. Kumi na moja kwa miaka miwili, na zile sita kwa usiku mmoja hazikuvunjwa rekodi mpaka Michael Jackson na Thriller yake mwaka 1984. Kituko ni kwamba wimbo wa mzururaji haukushinda kwenye country peke yake, ulishinda pia upande wa rock and roll. Watoa tuzo hawakujua wamweke wapi, wakamweka kote.

NBC wakampa kipindi cha televisheni Septemba 1966. Januari 1967 kikafa. Muziki wake ulikuwa wa dakika mbili, utani wa kupenyeza, na kamera za kila wiki zilitaka ratiba. Na kuna vidonge. Miaka ile wanamuziki wa Nashville walikuwa wanameza vidonge vya kuwafanya wasilale kama sisi tunavyotafuna karanga, na yeye alizama. Alikuwa anaondoka kwenye maonyesho, ndoa ya pili nayo ikaenda. Baadaye aliliongea wazi, hakulificha. Sitakaa hapo.

Kisu Butu

Mkuu kaa kidogo, hapo ndipo penye nyama.

MzeeWaKaseti

Hapana ndugu yangu, penye nyama ni hapa: Husbands and Wives, 1966. Mtu yuleyule wa milio ya mdomo, mwaka uleule aliotoa wimbo wa kushauri watu wasijaribu kuteleza kwa viatu vya magurudumu katikati ya kundi la nyati, akakaa akaandika wimbo wa polepole wa mioyo miwili iliyovunjika, mipweke kama nyumba zisizokaliwa na mtu, na akasema chanzo ni kiburi. Hakuna mzaha hata mmoja ndani. Ni kama ofisa wa takwimu anatoa ripoti ya ndoa zilizokufa, sauti tambarare. Brooks & Dunn waliurudia 1998 ukawa namba moja, Roger hayupo tena duniani.

Mimi kwa maoni yangu huo ndio bora kuliko wote. Mnaweza kunipiga mawe.

Mzee wa Nakuru

Mawe hakuna. Nimeusikiliza na mama watoto, hakuna aliyeongea dakika tano.

Mtani wa Wahehe

Naingia kwa kuchelewa. Mimi ni Mngoni, jina linajieleza. Nimesoma uzi wote nikakumbuka kitu.

Mnajua mtani kwenye msiba. Watu wanalia, jeneza linataka kutoka, mtani anajilaza mlangoni, anadai apewe hela ya soda ndipo marehemu apite. Anamwiga marehemu alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anakopa. Mjane anacheka na machozi hayajakauka. Kwetu hatumwoni kama mtu asiye na adabu, kazi yake ni hiyo. Lakini mtani hafanyi utani msiba wa kwao. Siku akifiwa yeye, wanakuja watani wengine kumtania.

Huyu Roger namwona kama mtani ambaye hakuwa na watani. Baba kafa, ndugu wametawanywa, hakuna wa kuja kumchekesha. Ikabidi afanye mwenyewe.

MzeeWaKaseti

...

Nimekaa nimeisoma hii mara kadhaa. Mtani, umesema.

Kisu Butu

Mimi nabisha kidogo. Mnamtia huzuni kwa nguvu. Mtu anaweza kuwa mcheshi kwa sababu ni mcheshi. Nina mjomba wangu Kilosa, hajawahi kufiwa hata na kuku, na akiamka tu watu wanashika mbavu. Kuna nyimbo za Roger nimezisikia leo hazina msiba wowote, ni mtu anacheza na ulimi wake kama mtoto na tope.

Mtani wa Wahehe

Sikatai. Mjomba wako aje msibani Songea tumpime.

MzeeWaKaseti

Kisu anasema kweli pia. Ule wa nyati hauna siri, ni upuuzi mtupu na ndiyo raha yake. Sijui kwa nini tunadhani kila kicheko lazima kiwe na jeraha chini, labda tunaogopa kuonekana tumependa kitu cha kitoto.

Namalizia maisha yake. Alikuwa mvivu wa kuandika lakini sikio lake kwa kazi za wengine lilikuwa kali. Mwaka 1969 ndiye aliyekuwa wa kwanza kurekodi Me and Bobby McGee ya Kris Kristofferson, kabla Janis Joplin hajaifanya ya dunia. Mwaka 1973 Disney wakatoa katuni ya Robin Hood yenye wanyama, na yule jogoo mwenye ala ya nyuzi kama gita anayesimulia hadithi ni sauti ya Roger, na nyimbo zake ni zake. Wenye watoto mnamjua basi bila kujua. Na wale tuliokuwa vibanda vya intaneti mwisho wa miaka ya tisini tunakumbuka ukurasa wa vipanya vya kufugwa (hamster) wanaocheza na kiwimbo kinajirudia mpaka unataka kupiga kompyuta. Kiwimbo kile ni mluzi wa huyohuyo jogoo, umeharakishwa.

Mzee wa Nakuru, hii ni yako: mke wake wa tatu, Mary Arnold, alikuwa mwimbaji wa First Edition, bendi ya Kenny Rogers. Ndiye aliyekaa naye mpaka mwisho.

Mzee wa Nakuru

Kumbe ni mkwe wetu! Ng'ombe tulishakula.

MzeeWaKaseti

😂 Sasa kituko cha mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Roger alikuwa karibu ameacha kutunga. Akaja kijana mmoja shabiki wake, Rocco Landesman, na wazo kwamba hadithi ya Mark Twain ya Huckleberry Finn igeuzwe mchezo wa jukwaani New York, na mtu pekee wa kuandika nyimbo ni Roger. Roger hajawahi kuandika mchezo wowote. Ikamchukua kama mwaka mmoja na nusu kukamilisha, yeye wa dakika nne. Lakini tazama hadithi yenyewe: mtoto asiye na mama, baba mlevi, shule hapendi, anatoroka kwa mto pamoja na mtumwa anayetafuta uhuru. Kijana wa Erick hakuhitaji kufanya utafiti.

Big River ilifunguliwa Broadway Aprili 1985. Ikachukua tuzo saba za Tony, zile za michezo ya jukwaani, ikiwemo ya mchezo bora wa muziki na ya muziki bora. Ikachezwa mara 1,005. Na mwigizaji wa nafasi ya baba mlevi, John Goodman, alipoondoka, Roger mwenyewe akapanda jukwaani akaicheza kwa muda. Fikirieni hapo. Mtu asiyemkumbuka baba yake, kila usiku anavaa nguo za baba mbaya, anaimba wimbo wa kulaani serikali aliouandika mwenyewe, na New York inacheka.

Alifariki Los Angeles tarehe 25 Oktoba 1992, saratani ya mapafu na koo. Alikuwa mvutaji mkubwa. Miaka 56. Mwaka 1995 wakamwingiza kwenye Ukumbi wa Heshima wa country Nashville.

Bint Ngamiani

Mkuu, baba yako alijua kwamba Billy Bayou uliandikwa na mtu mwingine?

MzeeWaKaseti

Sidhani. Lakini nimegeuza karatasi ya kaseti leo. Aliandika orodha kwa kalamu ya bluu, mwandiko wake wa ukarani. Nyimbo zote zina majina. Mbele ya huo mmoja ameandika tu: "wa kucheka, usifute".

Bint Ngamiani

Basi usiicheze tena, itakatika. Ipeleke kwa fundi ainakili kwanza.

MzeeWaKaseti

Imeshakatika jana. Nimeiunga kwa kutekisi ya mke wangu na kuizungusha kwa kalamu ya Bic. Inacheza, ila katikati ya Billy Bayou panaruka neno moja, na sasa kila nikifika hapo nalisema mwenyewe.